Kiungo cha mpira wa maji na robine

Kiungo cha mpira wa maji na robine ni mahali ambapo mpira wa kumwagilia bustani hufungwa kwenye mdomo wa bomba la nje ya nyumba. Makala hii inahusu kuvuja kwa kiungo hicho na namna ya kukitengeneza, hasa katika miji ya Gitega na Muyinga nchini Burundi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kiungo huvuja kwa sababu hakikukazwa vya kutosha, na ndiyo maana dawa ya kwanza kukimbiliwa ni spana, ya pili utepe wa tefloni, na ya tatu kipande cha tyubu ya baiskeli kinachozungushwa juu ya kila kitu mpaka kiungo kifanane na kifundo cha mguu kilichoteguka. Ushahidi wa vipimo na wa historia ya vifaa hivi unaelekea kwingine. Katika kiungo chenye nyuzi, maji hayazuiliwi na nyuzi wala na nguvu ya mkono. Huzuiliwa na washa, kipande cha mpira chenye unene wa milimita 2 hivi kinachokaa ndani ya nati. Pasipo na nyuzi, kinachozuia maji ni mpira wenyewe kugusa shingo ya robine pande zote. Kazi ya matengenezo ni kuurudisha mguso huo. Mengine yote ni kupaka dawa mguu wa kulia ilhali jipu liko kwenye wa kushoto.

Istilahi na vipimo

Neno bomba katika Kiswahili cha Tanzania limebebeshwa mengi: ni njia ya kupitishia maji, ni mahali pa kuyatekea, na hata sindano ya hospitali ina bomba lake. Unguja na pwani ya Kenya, mfereji ni kitu cha kufungua na kufunga kwa mkono, ilhali Tanzania bara mfereji ni mtaro. Burundi, kama ilivyo Kongo ya mashariki, Kifaransa ndicho kilichoshinda katika eneo hili la maisha: robine ni kifaa cha kufungulia maji, na tiyo ni chochote kirefu chenye tundu kinachoyapitisha, kiwe cha chuma ukutani au cha plastiki bustanini. Kirundi nacho husema itiyo. Kwa hiyo mtu wa Ngara, upande wa Tanzania, akisema bomba linavuja, jirani yake wa Muyinga ana haki ya kuuliza kama ni tiyo au ni robine, na swali hilo si la kuchezea maneno, maana matengenezo yake hayafanani.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kwenye namba. Inchi 1 ni milimita 25.4, hivyo nusu inchi ni milimita 12.7. Lakini ukiweka rula juu ya nyuzi za nje za robine iitwayo ya nusu inchi, utasoma karibu milimita 21, na ile ya robo tatu utasoma zaidi kidogo ya 26. Rula haina kosa. Jina lilitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani, na likabaki hata baada ya mabomba hayo kubadilika. Vitabu vya ufundi vya Kifaransa huziita nyuzi hizohizo 15/21 na 20/27, yaani tundu na kipenyo cha nje kwa milimita, utaratibu ambao angalau unakubaliana na rula. Zote mbili zina nyuzi 14 katika kila inchi. Mnunuzi mwenye karatasi iliyoandikwa 20/27 na muuzaji mwenye sanduku lililoandikwa 3/4 wanazungumzia kitu kimoja, na wanaweza kuachana bila kuuziana. Kinyume chake, vifaa vya bustani vya Marekani pia huitwa vya robo tatu, lakini vina nyuzi 11.5 kwa inchi na kipenyo cha karibu milimita 27. Nati ya namna hiyo hushika zamu mbili tatu kwenye robine ya kawaida kisha hukwama, nayo huonekana imekaza barabara huku washa yake haijagusa chochote. Hapo tayari maelezo ya "hakikukazwa" yameanza kuyumba.

Historia

Mpira wa maji ulianza kama ngozi. Mwaka 1672 mchoraji na mvumbuzi Jan van der Heyden, pamoja na ndugu yake Nicolaes, walianza kutumia mipira ya ngozi iliyoshonwa kwa kuzima moto mjini Amsterdam, na tatizo lao la kwanza lilikuwa lilelile la bustani ya leo: namna ya kuunganisha vipande viwili bila maji kutoroka katikati. Ngozi iliyolowa huvimba na kujaza nafasi, lakini ikikauka husinyaa. Jibu la kudumu lilisubiri karne moja na nusu na zaidi, hadi mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani alipogundua kwamba utomvu wa mpira ukipikwa na salfa hauyeyuki tena kwa joto wala haupasuki kwa baridi. Hati yake ya ugunduzi ilitoka mwaka 1844. Ni Goodyear aliyeifanya washa ya mpira iwezekane. Sehemu ya mpira uliotumika Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 ilitoka Kongo ya Leopold wa Pili, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, ulikochumwa kwa mijeledi na mikono iliyokatwa. Jambo hilo halimo katika vitabu vya mabomba, ingawa lilistahili japo mstari mmoja.

Nyuzi zina ukoo tofauti. Mwaka 1841 mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kwamba skrubu za viwanda vyote ziwe na pembe moja, digrii 55, na idadi moja ya nyuzi kwa inchi kulingana na unene. Kabla ya hapo kila karakana ilikata zake, na nati ya karakana moja haikuingia kwenye bolti ya jirani. Nyuzi za mabomba zinazotumika leo Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika ni wajukuu wa pendekezo hilo. Cha kuangalia ni kwamba Whitworth alikuwa akitafuta kushikanisha vyuma, si kuzuia maji. Viwango vya kimataifa vimeendelea kuyatenganisha mambo hayo mawili: ISO 7 inahusu nyuzi za mabomba zinazozuia maji zenyewe, ambazo moja huchongwa nyembamba mbele na nene nyuma ili ijikaze kama kizibo, na ISO 228 inahusu nyuzi zilizonyooka, ambazo kazi yake ni kuvuta tu, na uzuiaji wa maji umeachiwa washa. Mdomo wa robine ya bustani na nati ya mpira ni wa kundi hili la pili. Anayetarajia nyuzi zilizonyooka zizuie maji anazidai kazi ambayo hazikupewa.

Vifaa vingine viwili vinafaa kutajwa. Klampu ya chuma yenye skrubu, inayozungushwa juu ya mpira na kukazwa kwa bisibisi, ilibuniwa mwaka 1921 na Lumley Robinson, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Kiunganishi cha plastiki cha kubofya kilianza kuuzwa mwaka 1968 na kampuni ya Gardena ya Ulm, Ujerumani, na sasa kinaigwa kila mahali. Ndani yake mna pete ndogo ya mpira, ambayo ni washa ileile katika umbo jingine.

Gitega

Gitega iko katikati ya Burundi kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliweka hapo makao yao ya utawala mwaka 1912. Jumba la makumbusho la taifa lilifunguliwa mwaka 1955. Na tangu mwanzoni mwa 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikibaki mji wa biashara. Maji ya mjini husambazwa na shirika la Regideso. Kwa mada hii, jambo la maana kuliko hayo yote ni milima. Kila mita 10 za mteremko kutoka kwenye tangi huongeza shinikizo la takriban bari 1, kwa hiyo robine iliyo mita 40 chini ya tangi hubeba karibu bari 4 maji yakiwa yametulia, na ile ya jirani aliye mita 15 tu chini hubeba moja na nusu. Nyumba mbili zenye mpira mmoja, nati moja na washa moja zinaweza kuwa na hadithi mbili tofauti, na fundi aliyefaulu kwa kamba ya tyubu kileleni atashangaa kamba hiyohiyo ikitema maji bondeni.

Usiku huongeza jambo jingine. Watu wakilala matumizi hupungua, na shinikizo lililokuwa likiliwa na msuguano ndani ya mabomba hurudi kwenye robine. Kwenye tundu la chuma lisilobadilika, shinikizo likiongezeka mara mbili maji yanayovuja huongezeka kama mara 1.4 tu. Kwenye plastiki laini ni zaidi ya hapo, kwa sababu ufa nao hufunguka. Hii ndiyo sababu kiungo kilichoachwa kikavu saa kumi na mbili jioni hukutwa kimechimba dimbwi alfajiri, hasa pale mpira unapofungwa kwa bastola ya kunyunyizia iliyo kwenye ncha yake ya mbele badala ya kufunga robine yenyewe. Msimu wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndio msimu wa mipira: lengalenga na kabichi hunyweshwa, matofali na zege mbichi hulowanishwa, magari huoshwa.

Muyinga

Muyinga iko kaskazini-mashariki, kwenye barabara iendayo mpaka wa Kobero na kuingia Tanzania kupitia Kabanga, wilaya ya Ngara. Bidhaa za njia ya Dar es Salaam hupita hapo, na pamoja nazo msamiati wa nusu na robo tatu. Kiswahili kinasikika sokoni. Kwa ujenzi mji unajulikana nje kwa maktaba ya matofali ya udongo iliyojengwa mwaka 2012.

Utambuzi na matengenezo

Hatua inayorukwa zaidi ndiyo ya maana zaidi: kujua maji yanatokea wapi. Kiungo kikivuja hulowa chote, na tone hushuka hadi sehemu ya chini kabisa kabla ya kudondoka, kwa hiyo mahali linapodondokea hapasemi lilikotoka. Inafaa robine ifungwe, kiungo kipanguswe kwa kitambaa mpaka kikauke kabisa, kisha mtu mmoja azibe ncha ya mbele ya mpira kwa dole gumba huku mwingine akifungua taratibu na kutazama. Kuziba ncha si mapambo. Mpira ukiwa wazi, maji hukimbia na shinikizo kwenye kiungo huwa dogo. Kiungo kibovu huweza kuonekana kizima. Tone la kwanza likichomoza chini ya nati, kosa ni la washa. Likitoka nyuma, mpira unapoingia kwenye shingo ya kiunganishi, kosa ni la mpira au klampu. Likitoka juu, kwenye mhimili wa kishikio, kiungo hakina hatia kabisa: kinachovuja ni robine, na maji yanashuka tu na kumsingizia jirani. Hapo nati ndogo ya mhimili huzungushwa kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko, na basi.

Washa ikifunguliwa huonyesha umri wake waziwazi. Iliyo nzima hukubali kukandamizwa kwa ukucha na kurudi. Iliyokufa ni ngumu kama gamba la kobe, au ina mfereji wa duara uliochongwa na mdomo wa robine, au imehama upande mmoja kwa sababu mtu aliikaza kwa spana. Mara nyingi haimo kabisa: ilidondoka kwenye majani siku nati ilipofunguliwa. Mpya ya robo tatu ina upana wa milimita 24 hivi nje na tundu la 16. Ya nusu inchi ni 18 na 12. Ikikosekana dukani, tyubu kuukuu ya gari inatosha. Tyubu nyingi hutengenezwa kwa butili, mpira uliobuniwa Marekani mwaka 1937, ambao hauruhusu hewa kupita wala hauozi kwa maji. Kipande hukatwa kwa mkasi kwa kufuata duara la nati yenyewe, tundu hutobolewa katikati, na ikiwa ni tyubu nyembamba ya baiskeli huwekwa vipande viwili. Mdomo wa robine husuguliwa kwa msasa laini ikiwa una chokaa au mkwaruzo, kwa maana washa mpya juu ya uso uliochimbika haitadumu. Kisha nati hukazwa kwa mkono, pengine na robo ya mzunguko zaidi kwa nati za shaba. Za plastiki hazitaki spana hata kidogo.

Hapa ndipo utepe wa tefloni huingia, na watetezi wake hawakosi hoja. Wanasema unafanya kazi, na kweli wakati mwingine unafanya. Ila tuangalie unafanya nini. Kwenye nyuzi zilizonyooka, mizunguko mitano ya utepe huyapunguzia maji njia ya kupita, haiizibi. Tena utepe huongeza unene, na nati ikishapata ugumu kabla ya kufika mwisho, washa hubaki ikielea milimita moja mbali na mdomo wa robine. Kiungo hukauka siku mbili, kisha huanza upya, na safari hii fundi huongeza utepe. Mafundi hawa si wajinga. Ustadi huo waliupata mahali pengine unapofaa: robine inapoingia kwenye bomba la ukutani, penye nyuzi za kundi la kwanza zinazojikaza, utepe au nyuzi za kitani ndizo dawa sahihi, zikizungushwa kuelekea upande wa kukazia. Ujuzi wa nyuma ya robine umehamishiwa mbele yake, na mbele kuna sheria nyingine. Kuna hali moja ambapo utepe hata mbele unasaidia, nayo ni nyuzi zilizolika kiasi cha kuiacha nati ikicheza. Utepe hapo huishika nati isimame wima ili washa ikandamizwe sawasawa. Hata hivyo anayezuia maji bado ni washa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba robine nyingi za uani hazina nyuzi: mdomo ni laini, na mpira husukumwa tu juu yake. Kwa hali hiyo mjadala wa washa hauna nafasi, lakini kanuni haibadiliki. Ncha ya mpira iliyotanuka na kupasuka kwa jua haikandamiziki tena, na klampu ikikazwa juu yake hukunja ufa badala ya kuuziba. Ncha hiyo hukatwa, sentimita 4 au 5, kwa kisu kikali na kwa mkato ulionyooka. Huchovywa kwenye maji ya moto kwa dakika moja hivi mpaka ilainike (si kwenye moto, unaoichoma na kuipunguza unene). Husukumwa juu ya mdomo mpaka ifunike angalau sentimita 3. Klampu hukaa katikati ya sehemu iliyofunikwa, si ukingoni. Kamba ya tyubu, inayodharauliwa na vitabu, hapa ina hadhi yake. Ikivutwa kwa nguvu na kuzungushwa mara nane au kumi juu ya ncha mpya, hubana sawasawa pande zote, jambo ambalo klampu ya bei rahisi hailiwezi, kwa kuwa hiyo huacha pengo dogo chini ya skrubu yake. Kwa shinikizo la bari 1 au 2 inatosha. Kosa lake ni kufungwa juu ya ncha kuukuu.

Hasara na usafi

Wapo wasemao kwamba maji yanayovuja bustanini hayapotei, yananywesha bustani. Bilauri ya mililita 250 ikiwekwa chini ya kiungo na kujaa kwa dakika 1, hiyo ni lita 15 kwa saa na lita 360 kwa siku: bidoni 18 za lita 20. Maji hayo yamepita kwenye mita, na yote yameangukia mahali pamoja chini ya robine, ambapo hakuna aliyepanda kitu. Uzito zaidi uko kwenye usafi. Maji yakija kwa mgao, bomba likiwa tupu huweza kuvuta badala ya kusukuma. Mpira uliolala ndani ya dimbwi, ukiwa umeunganishwa na robine iliyo wazi, hunyonya tope, na kiungo kinachovuja nacho hunyonya kilichokizunguka. Maji yakirudi, wa kwanza kuyapokea ni mtoto aliyetumwa na bidoni asubuhi. Burundi inakijua kipindupindu, hasa katika tambarare za magharibi kando ya Ziwa Tanganyika. Kinga ni kuchomoa mpira baada ya kazi.

Hali ya sasa

Viunganishi vya kubofya vya plastiki vinapatikana. Tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 Muyinga si mkoa tena, bali imo katika mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, na makao makuu yako Cankuzo; Gitega imebaki na jina lake kama mkoa. Nyuzi za robine katika miji yote miwili bado ni 14 kwa inchi.